Tazama Mgongo wa Karata

Kabla hujamfundisha mtu kanuni hata moja ya mchezo huu, pindua karata zako uzitazame mgongo. Kama pakiti zote mlizo nazo nyumbani zina mgongo wa rangi moja na nakshi moja, bado hamjawa tayari kucheza. Kwenye michezo mingine kazi ya mgongo ni kuficha uso, basi. Kwenye huu, mgongo ndio unaosema karata ni ya nani. Karata za watu wote huingia katikati ya mkeka kwa pamoja, zikalaliana na kufunikana, na raundi ikiisha kila mtu lazima azitambue zake na kuzihesabu.

Waingereza huuita Racing Demon. Wamarekani huuita Nertz, na wengine kwao huuita Pounce. Sisi nyumbani tunauita purukushani, na sijapata jina linaloufaa zaidi. Chimbuko lake ni mchezo wa karata wa mtu mmoja, ule ambao Waingereza waliupa jina la Demon na Wamarekani wakauita Canfield, kutokana na Richard Canfield aliyekuwa na nyumba ya kamari huko Saratoga Springs, jimbo la New York, mwishoni mwa karne ya 19. Chukua mchezo huo wa mpweke, waketishe watu wanne, kila mmoja na pakiti yake, waambie katikati ni pa wote na hakuna anayesubiri zamu. Hapo umeipata purukushani.

Hilo la kutosubiri zamu ndilo lililonifanya niupende. Wanangu walikulia kwenye last card kama watoto wa nyumba nyingi, na nani asiyeijua hali ya last card mkiwa sita au saba? Mdogo kuliko wote akishacheza karata yake moja, anaanza kuchomoa nyuzi za mkeka. Bibi naye anauliza kila mara, "Zamu ya nani?" Kwenye purukushani zamu ni yako tangu mwanzo mpaka mwisho, na sijawahi kumwona mtoto akisinzia.

Unavyochezwa ni hivi. Ondoa jokeri. Changanya karata zako 52 vizuri. Hesabu 13, uziweke fungu moja kifudifudi mbele yako, ya juu peke yake uifunue. Kando ya fungu panga karata nne wazi, moja moja. Hizo ndizo mwanzo wa safu zako nne. Mkononi zinabaki 35. Mmoja akisema "Haya!" wote mnaanza kwa mpigo. Kila ree inayoonekana hutupwa katikati, na juu yake hupandishwa 2 ya aina ileile, kisha 3, hadi kufika K. Hiyo tunaiita ngazi, na ngazi haina mwenyewe: ree ya kopa niliyoiweka mimi utaipandia wewe kwa 2, na shemeji ataidaka kwa 3 kabla hujavuta pumzi. Safu zako nne hakuna anayezigusa ila wewe. Hizo hushuka badala ya kupanda, tena kwa kupokezana nyekundu na nyeusi: juu ya 9 ya pau unalaza 8 ya kopa au ya uru, halafu 7 nyeusi, na kuendelea. Safu ikibaki tupu unaijaza kwa karata ya juu ya fungu. Zile za mkononi unazifunua tatu tatu, na iliyo juu tu ndiyo halali kutumia. Ukiitumia, ya chini yake inakuwa huru.

Anayemaliza fungu lake la 13 anasema "Basi!" kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, na mikono yote husimama palepale. Kila karata yako iliyo katikati ni alama 1. Kila iliyosalia kwenye fungu lako inakukata alama 2. Mchezo ni wa raundi nyingi, na wa kwanza kufika 100 ndiye mshindi.

Sasa nirudi kwenye migongo, maana hapo ndipo tulipoumia. Mwaka tulioanza, tulinunua pakiti nne kwa mpigo duka moja, zote nyekundu, zote zinafanana kama mapacha. Tukadhani kila mtu atazikumbuka karata zake. Raundi ya kwanza ilipoisha, katikati palikuwa na karata 71. Nikawaambia kila mmoja aseme idadi yake. Nilipojumlisha nikapata 84. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja aliamini kwa moyo safi kwamba ile 5 ya shupaza ilikuwa yake, na binti yangu mdogo akalia kwa uchungu wa kweli, kwa sababu alikuwa ameifanyia kazi. Usiku ule mchezo ukaishia pale.

Kwa hiyo, watu wawili mkitaka kucheza, nunueni pakiti moja nyekundu na moja ya bluu; viwanda vingi hutoa aina moja kwa rangi hizo mbili. Mkiwa wanne, tafuteni aina ya pili ambayo nakshi yake ni tofauti kabisa, si tofauti ya mbali. Samaki na maua hutambulika kwa jicho moja. Nakshi mbili za mistari iliyosukwa, usiku, kwenye mwanga wa kibatari, hazitambuliki. Na hata ukipata migongo inayofaa, nakushauri uongeze alama ya ubavuni. Zikusanye karata 52, zibane sawasawa kwa vidole kama kipande cha sabuni, kisha pitisha kalamu ya wino mzito kwenye ukingo mrefu wa pakiti nzima: mstari mmoja juu kwa pakiti ya kwanza, katikati kwa ya pili, chini kwa ya tatu, mistari miwili kwa ya nne. Kila karata inapata nukta ndogo isiyoonekana ukiwa unacheza. Lakini ukizikusanya pakiti baada ya raundi, mstari ukikatika au nukta ngeni ikitokea pembeni, unajua papo hapo kwamba kuna ya jirani imeingia au yako imegeuka. Tangu nianze hivyo, ugomvi wa kuhesabu umekwisha nyumbani kwangu.

Karata zenyewe hazilingani, na tofauti inaonekana zaidi kwenye mchezo wa kasi kuliko ule wa kutulia. Zile za karatasi za bei ya chini hunyonya jasho, zikapinda, na huku pwani kwenye unyevu baada ya wiki mbili zinashikana tatu tatu bila kuambiwa. Za plastiki zinafutika kwa kitambaa na zinadumu, ila kwenye meza ya kioo zinateleza kama sabuni. Dawa yake ni mkeka, au meza iliyotandikwa kanga, maana kidole kinapata mahali pa kuanzia kuinua. Kuna na suala la upana. Karata za poka zina upana wa karibu milimita 63, za briji karibu 57. Hizo milimita sita si kitu kwa mkono wa mtu mzima. Kwa mkono wa mtoto wa miaka saba ni tofauti ya kushika na kuangusha. Kwa bibi, tafuta zenye namba kubwa kwenye pembe. Mama yangu alikuwa akisema mchezo huu ni wa vijana. Nilipompatia pakiti ya namba kubwa niligundua kwamba muda wote tatizo lilikuwa macho, mikono haikuwa na neno.

Halafu pima nafasi. Wachezaji wanne wana ree 16, na hizo ni ngazi 16 zinazoweza kusimama katikati. Acha eneo la nusu mita kwa nusu mita bila sahani ya kashata wala glasi. Mkiwa sita ngazi zinafika 24, na kwa maoni yangu hapo ni heri kugawana mikeka miwili, la sivyo kuna mtu atakuwa anatambaa.

Si lazima kutumia karata zote 52. Kwa watoto wanaojua kuhesabu mpaka kumi tu, toa J, Q na K, wale wazungu 12, zibaki 40. Fungu liwe la karata 10, na ngazi iishe kwenye 10. Raundi inakuwa fupi na mtoto haulizi ni nani mkubwa kati ya J na Q. Sisi tulicheza hivyo mwaka mzima kabla ya kuwarudisha wazungu.

Arobaini hiyohiyo ndiyo idadi ya karata katika pakiti nyingi za Hispania na Italia, na hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati ambayo wengi hatuijui. Pakiti ya Kihispania haina moyo wala almasi. Ina vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu. Mtu aliyezoea karata zetu anaishika na kuduwaa: nyekundu ni ipi, nyeusi ni ipi? Karata zenyewe zimejaa rangi mchanganyiko, na sheria ya kupokezana rangi kwenye safu inaonekana haiwezekani. Lakini hebu sikiliza majina tunayotumia kila siku. Kopa ni neno la Kireno, copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, marungu. Wareno walikaa pwani hii tangu walipofika mwaka wa 1498 hadi walipoipoteza Fort Jesus mwaka wa 1698, na katika maneno waliyotuachia yamo majina haya. Picha zilizo kwenye karata zetu ni za Kifaransa. Majina yake ni ya vikombe na panga. Kwa hiyo mtoto wa Tanga akipewa pakiti ya Kihispania, mwambie tu kwamba kikombe ndicho kopa na sarafu ndiyo uru, hizo zihesabike nyekundu. Upanga ndio shupaza na rungu ndilo pau, hizo zihesabike nyeusi. Wangu walizoea kabla chai haijapoa. Chunga jambo moja tu: pakiti hiyo ya 40 haina 8 wala 9. Namba zinakwenda 1 hadi 7, kisha picha tatu zilizoandikwa 10, 11 na 12, kwa hiyo juu ya 7 inapanda 10.

Zipo nyumba ambazo karata haziingii kabisa. Neno karata kwao lina harufu ya kamari, na mzee wa nyumba, awe shehe, mchungaji au baba tu mwenye msimamo wake, hataki kuziona mkekani. Usibishane naye, na usicheze kwa kumficha. Wenzetu wa Pennsylvania, Marekani, walikwishalipatia jibu jambo hili. Huko kuna jamii za Kikristo za Waamishi na Wamenoniti, na mchezo unaopendwa sana miongoni mwao ni Dutch Blitz, uliobuniwa na Mjerumani mhamiaji, Werner Ernst George Muller, aliyeishi wilaya ya Bucks. Ni purukushani ileile, ila haina mfalme, haina malkia wala moyo. Boksi lina karata 160, yaani pakiti nne za 40, zenye namba 1 hadi 10 katika rangi nne: nyekundu, bluu, kijani na njano. Badala ya rangi kupokezana kwenye safu, wanapokezana mvulana na msichana waliochorwa kwenye karata. Mgongo wa kila pakiti una picha yake: pampu ya maji, ndoo, gari la farasi, plau. Fungu ni la karata 10, safu za watu wanne ni tatu tatu, na ushindi uko kwenye alama 75. Wajerumani wana ndugu yake aitwaye Ligretto, nao mkiunganisha maboksi ya rangi tofauti mnaweza kucheza hata watu 12.

Boksi la kwanza la Dutch Blitz mimi nililiona Musoma, kwa mama mchungaji mmoja. Mkoa wa Mara na Pennsylvania ni majirani wa siku nyingi: wamisionari wa Kimenoniti kutoka Lancaster walifika Shirati mwaka wa 1934. Yule mama alinitolea boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, pembe zake zimechakaa, akaniambia, "Mwanangu, hizi si karata, hizi ni namba." Tulicheza mpaka giza likaingia.

Kama boksi hilo hulipati, tengeneza lako. Chukua karatasi ya manila nyeupe ya A4, ikunje nusu, nusu tena, mpaka mara nne. Ukiikata kwenye mikunjo unapata karata 16. Karatasi 10 zinakupa 160 kamili, lakini nunua 12 ili uwe na za akiba. Andika namba 1 hadi 10 kwa rangi nne. Kisha chagua rangi mbili uzichoree nyota juu ya namba na mbili uzichoree mwezi, ili kwenye safu nyota ipokezane na mwezi. Mgongoni waachie watoto wachore: jembe, ndoo, mtumbwi, baiskeli. Tumia penseli za rangi, maana wino wa kalamu nzito hupenya upande wa pili na mtu ataisoma karata iliyolala. Kazi hiyo ni ya Jumamosi moja asubuhi, na mtoto aliyechora mtumbwi hatakubali mtumbwi wake upotee.

Wakubwa wakicheza na wadogo, usimwambie mkubwa apunguze kasi. Hawezi, na akiweza mdogo atajua anaachiwa na itamuuma. Badilisha fungu. Mwenye miaka minane mpe fungu la 8, wa kumi na mbili la 11, wewe ubaki na 13. Akishinda raundi mbili mfululizo, muongezee karata moja. Hapo kila mtu anacheza kwa nguvu zake zote na ushindani ni wa kweli. Binti yangu alianzia 7. Leo ananichezea na 13, na mara nyingi ananishinda.

Kuhusu namna ya kucheza vizuri, kosa kubwa la wanaoanza ni kushughulika na karata za mkononi wakasahau fungu. Fanya hesabu: karata ya fungu ikifika katikati inakupa 1 na inakuondolea deni la 2, kwa hiyo thamani yake ni 3. Ya mkononi ni 1 tu. Basi kila unapochagua, jiulize ni ipi itakayolipunguza fungu. Safu tupu ni mali, maana inapokea karata ya fungu bila masharti. Ukiona safu yenye karata moja inayoweza kuhamia juu ya nyingine, ihamishe. Na macho yako yakae katikati. Za mkononi ni 35, ukizifunua tatu tatu unaonyeshwa 12 tu kila mzunguko: za mafungu 11, na ile ya mwisho ambapo zimesalia mbili. Zilezile zitarudi mpaka utumie moja, ndipo zote zinazofuata zisogee. Kwa hiyo mzunguko mmoja ukishazijua zako, acha kuzitazama, tazama ngazi. Mkikwama wote, simamisheni mchezo kwa makubaliano, kila mtu achukue karata ya juu ya zile za mkononi aipeleke chini kabisa, muendelee.

Tuna desturi moja ambayo huenda wengine hawaipendi: aliyemaliza fungu halazimiki kusema "Basi!" papo hapo. Akiona ana karata chache katikati anaweza kuendelea kuchuma, lakini hatari ni kwamba mwingine naye atamaliza na kumtangulia kusema. Kwa watoto wadogo tunaiondoa.

Mikono igusane bila kuumizana. Vueni pete na saa kabla ya kuketi, na mwenye kucha ndefu aambiwe mapema. Mkono mmoja unashika karata, mwingine ndio unaocheza, tena karata moja kwa wakati. Wawili wakigongana juu ya ngazi moja, iliyo chini ndiyo iliyofika kwanza; inueni mtazame, na iliyo juu irudi kwa mwenyewe. Hakuna kurusha kutoka mbali. Sisi tuliyakubali haya tukiwa watulivu, kabla ya raundi ya kwanza, na nakushauri nawe ufanye hivyo, kwa sababu katikati ya mchezo hakuna atakayekusikiliza.

Mkimaliza, asiinuke mtu. Kila mmoja achambue zake kwa mgongo, azikusanye, atazame mstari wa ubavuni, ahesabu mpaka 52 kwa sauti, ndipo afunge mpira. Ikipungua moja, inueni mkeka kwanza, kisha kila mtu akung'ute nguo zake. Mara ya mwisho sisi tulitafuta 7 ya pau mpaka saa tano usiku, na mama akaiona alfajiri alipokuwa akikunja kanga yake ili aende kutawadha. Aliileta chumbani kwangu, akanigongea mlango, akaniambia, "Chukua, hii yako. Ina samaki mgongoni."